Gundi ya Ubongo: Jina Lililowapoteza Wataalamu kwa Miaka Mia Moja

Kwa kawaida hapa tunazungumza juu ya chanjo, lishe na kuhara. Leo nataka tuketi kidogo na historia. Usizime redio wala usifunge kijitabu, kwa maana historia hii inamhusu huyo uliyempakata, au yule anayekupiga mateke tumboni wakati huu.

Pale kliniki, tunapozungusha utepe kwenye kichwa cha mtoto, mama wengi huuliza: "Sista, kichwa mnakipimia nini? Si amezaliwa na ubongo wake tayari?" Ni swali la busara. Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa karibu gramu 350 hadi 400. Akifika miaka 2, ukubwa wake umefika karibu asilimia 80 ya ubongo wa mtu mzima. Sasa, ni nini kinachoongezeka humo ndani? Si seli za neva, zile zinazopitisha habari, kwa sababu nyingi sana kati ya hizo alizaliwa nazo. Kinachoongezeka ni matawi ya seli hizo, viunganishi kati yake, mafuta yanayozifunika kama plastiki inavyofunika waya wa stima, na pia seli za aina nyingine zinazokaa katikati yake. Seli moja kati ya hizo inaitwa astrositi. Mimi nitaiita seli ya nyota, maana jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la nyota.

Seli hizi za nyota zilidharauliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na kosa kubwa lilikuwa la jina.

Twende Ujerumani. Huko kulikuwa na daktari mmoja, Rudolf Virchow, aliyezaliwa mwaka wa 1821. Sisi wauguzi wa jamii tunampenda sana mzee huyu. Mwaka wa 1848 alitumwa na serikali kwenda Upper Silesia kuchunguza mlipuko wa homa uliokuwa ukiua watu. Akarudi na ripoti iliyowakasirisha wakubwa, kwa sababu aliandika kwamba wale watu walikuwa wanauawa na njaa, umaskini na kukosa elimu, na kwamba dawa peke yake haingetosha. Lakini hata mtu mwenye macho makali namna hiyo anaweza kutoa jina baya. Virchow alitazama ubongo kwa hadubini, akaona kwamba katikati ya seli za neva kuna kitu kingine kimejaza nafasi. Akafikiri ni kitu cha kushikilia tu, kama vile fundi anavyojaza udongo kati ya fito za nyumba. Mwaka wa 1856 akakiita niuroglia, yaani gundi ya neva.

Gundi! Hebu fikiri. Ukishaambiwa kwamba kitu fulani ni gundi, utakaa usiku kucha ukiuliza gundi inafanya nini? Utasema inashikilia, basi, na utaendelea na mambo mengine. Wataalamu wengi walifanya hivyo hivyo.

Si wote lakini. Kijana mmoja Mjerumani, Otto Deiters, alizichora seli za gundi hiyo zikiwa na mikono mingi myembamba. Alifariki mwaka wa 1863 akiwa na miaka 29, na michoro yake ikachapishwa miaka 2 baadaye. Halafu akaja Mwitaliano, Camillo Golgi. Huyu alikuwa daktari katika hospitali ya wagonjwa wasio na tumaini la kupona, katika mji mdogo wa Abbiategrasso. Hakuwa na maabara. Alichukua jiko akaligeuza kuwa maabara, akafanya kazi humo jioni baada ya wagonjwa kuhudumiwa. Mwaka wa 1873 akatangaza njia mpya ya kutia ubongo rangi kwa dawa ya fedha. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba inachagua seli chache tu na kuzifanya nyeusi tititi, huku nyingine zikibaki bila rangi. Ukitaka kuona mti mmoja msituni, ni sharti miti mingine ijifiche kwanza.

Na alipoona, akaona jambo la ajabu. Seli hizi za gundi zilikuwa na miguu. Mguu mmoja umeukamata mshipa wa damu, na mikono mingine imezielekea seli za neva. Golgi akasema pengine hizi ndizo zinazopeleka chakula kutoka kwenye damu hadi kwenye neva. Yaani huyu mtu alikaribia ukweli miaka mingi kabla ya ukweli wenyewe kuthibitishwa, na alikuwa akifanya kazi jikoni. Wewe mama unayesongea watoto ugali jikoni, ukiambiwa hapo hapatoki kitu cha maana, mkumbuke Golgi.

Miaka ya 1890, mtaalamu kutoka Hungaria, Michael von Lenhossék, akazipa seli zile jina la nyota. Mwaka wa 1913 Mhispania Santiago Ramón y Cajal akapata rangi ya dhahabu iliyozionyesha vizuri kuliko wakati wowote, na picha alizochora kwa mkono wake bado zinatumiwa kufundishia. Golgi na Cajal walipewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka wa 1906, na kwa kuwa hawakukubaliana juu ya jinsi neva zinavyoungana, walipingana hata pale pale kwenye hotuba za tuzo. Wasomi nao ni watu.

Baada ya hapo pakawa na kimya kirefu, na sababu yake ni rahisi. Wataalamu walipata vyombo vya kupima umeme mdogo unaopita kwenye seli za neva. Ukizichokoza neva, zinatoa cheche. Ukizichokoza seli za nyota, hakuna cheche. Kwa hiyo wakasema hizi hazisemi kitu. Unajua jinsi ilivyo katika nyumba yenye watoto watano: anayelia ndiye anayebebwa, na yule mtulivu anadhaniwa hana shida.

Mambo yalianza kubadilika pole pole. Katika miaka ya 1970, Pasko Rakic, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichunguza ubongo wa watoto wa nyani walio tumboni. Akaona kwamba seli za neva hazikai pale zinapozaliwa. Zinazaliwa ndani kabisa ya ubongo, kisha zinapanda kwenda juu zikishikilia nyuzi ndefu, kama mtu anavyopanda mnazi. Nyuzi hizo ni za seli za jamii ile ile ya gundi. Baadaye, mnamo mwaka wa 2000 na 2001, ikagunduliwa kwamba seli zenye nyuzi hizo ni zaidi ya mnazi wa kupandia. Zenyewe ndizo mama wa seli nyingi za neva. Zinazaa, kisha watoto wao wanapanda juu ya mgongo wa mama. Kufikia karibu mwezi wa sita au wa saba wa mimba, seli nyingi za neva za ile sehemu ya juu ya ubongo, sehemu ya kufikiri, zimeshazaliwa. Hapo kazi inabadilika. Wale mama wanaanza kutoa seli za nyota, na wengine wao wenyewe wanageuka kuwa seli za nyota. Baada ya mtoto kuzaliwa, seli hizo zinaendelea kugawanyika, kukua na kukomaa.

Kwa hiyo miezi ya mwisho ya mimba si ya mtoto kunenepa tu. Nasema hivi kwa sababu wako akina mama wanaokuja kliniki mara moja au mbili, wakishaona mtoto anacheza tumboni wanaona yatosha. Endelea kuja. Na kuna mambo mawili ambayo historia hii inayagusa moja kwa moja.

La kwanza ni pombe. Mwaka wa 1973, madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza hali ya watoto waliozaliwa na akina mama waliokunywa pombe nyingi wakiwa wajawazito: watoto wadogo, wenye sura inayofanana, wazito wa kujifunza. Ubongo wa baadhi ya watoto waliofariki ulipochunguzwa, seli zilionekana kupotea njia. Zilikuwa zimepanda zikapita mahali zilipopaswa kukaa. Leo tunajua pombe huziharibu zile nyuzi za kupandia. Pombe ni pombe, mama. Bia ya chupa, busaa, muratina, chang'aa, yote inafika kwa mtoto. Hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

La pili ni chumvi. Ubongo wa mtoto hauwezi kukua sawasawa bila homoni ya tezi ya shingo, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini ya iodini. Seli za nyota zina kazi hapa pia: ndizo zinazoibadilisha homoni hiyo iwe katika hali ambayo seli za neva zinaweza kuitumia. Lakini haziwezi kubadilisha kitu ambacho hakipo. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa na iodini, iweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kikiwa karibu kuiva. Huhitaji chumvi nyingi, unahitaji ile yenye iodini.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kulikuwa na daktari aliyeitwa Ben Barres, aliyefariki mwaka wa 2017. Yeye na wenzake waliotesha seli za neva za panya peke yake ndani ya chombo, bila seli za nyota. Walizipa kila kitu cha kuziweka hai. Zikaishi, lakini zikaungana kidogo sana, kama majirani wasioamkiana. Walipoziongezea seli za nyota, mazungumzo yakaanza. Matokeo ya kwanza waliyatoa mwaka wa 1997. Mwaka wa 2001 wakaonyesha kwamba viunganishi viliongezeka kama mara 7. Mwaka wa 2005 wakataja baadhi ya protini ambazo seli za nyota hutoa ili kuziambia neva: unganeni.

Viunganishi hivi ndivyo vinavyomfanya mtoto akutambue, ageuke akisikia sauti yako, ashike kijiko, aseme "mama". Miaka miwili ya kwanza vinaota kwa wingi kuliko mtoto anavyohitaji. Vile vinavyotumika vinaimarika, vile visivyotumika vinaondolewa, na seli za nyota zinashiriki hata katika kuondoa. Kwa hiyo unapomsemesha mtoto wa miezi 2 huku ukimwosha, usijali jirani akicheka kwamba unaongea na mtu asiyejibu. Mwimbie, mtaje jina, mwonyeshe kuku. Kwa lugha gani? Lugha yako ya nyumbani inatosha kabisa. Sijui ni nani aliyewaambia akina mama kwamba mtoto huerevuka kwa Kiingereza tu.

Na chakula je? Mwaka wa 1994, Luc Pellerin na Pierre Magistretti wa Lausanne, Uswisi, walitoa hoja kwamba neva zinapofanya kazi kwa nguvu, seli za nyota huchukua sukari kutoka kwenye damu, huisaga kwanza, kisha huzipa neva kitu kinachoitwa lakteti kama chakula kilicholainishwa. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha chakula cha neva kinapitia njia hii. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba akiba karibu yote ya sukari ya ubongo imewekwa ndani ya seli za nyota, na akiba hiyo ni ndogo mno, kama unga uliobaki chini ya debe. Ubongo hauwezi kuitegemea kwa muda mrefu.

Ndiyo sababu tunakusumbua, mama, kwamba mtoto anyonye katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya manjano si machafu, usiyamwage. Mtoto mchanga, hasa mdogo au aliyezaliwa kabla ya wakati, akikaa muda mrefu bila kunyonya, sukari ya damu inashuka. Akiwa mlegevu, anatetemeka au anakataa titi, huo si upole. Mpeleke hospitali mara moja, na njiani mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ili asipoteze joto. Na hata akikua, ubongo wake bado ni mlaji mkubwa. Mtoto wa karibu miaka 5 akiwa ametulia, ubongo wake unatumia karibu theluthi mbili za nguvu ya mwili. Huyo anayeomba chakula saa nne asubuhi baada ya kunywa uji saa moja si mlafi.

Hapa niongeze neno kuhusu umanjano wa watoto wachanga, kwa sababu ile rangi ya manjano ikizidi kwenye damu, inaweza kuingia ubongoni na kuumiza seli za neva, na seli za nyota pia. Tiba ya mwanga tunayotumia leo ilianzia kwa muuguzi. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, Sista Ward alikuwa akiwatoa watoto nje kwenye jua, akaona kwamba mahali palipopigwa na jua manjano yalipungua, na mahali palipofunikwa na shuka yalibaki. Akawaonyesha madaktari. Mwaka wa 1958 wakachapisha taarifa ya mwanga huo, na leo tuna taa maalum hospitalini. Mwanga uliotoka juani, utasema. Ni kweli, lakini jua la asubuhi mlangoni mwako halipimiki, na mtoto anaweza kuungua au kupata baridi huku ugonjwa ukizidi. Akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zikiwa za manjano, au amelala hataki kunyonya, usimwanike. Mlete.

Nimeulizwa pia kama ni kweli kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Si kweli. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba kwa kila seli moja ya neva kuna seli 10 za gundi, na huenda hesabu hiyo ilisaidia uvumi kuenea. Mwaka wa 2009, watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walihesabu upya. Walipata seli za neva karibu bilioni 86, na zisizo za neva karibu bilioni 85. Yaani karibu sawa kwa sawa, na zote ziko kazini. Hata Einstein aliingizwa katika habari hii. Alifariki mwaka wa 1955, ubongo wake ukahifadhiwa, na mwaka wa 1985 Marian Diamond wa California akasema sehemu moja ya ubongo ule ilikuwa na seli za gundi nyingi kwa kila seli ya neva kuliko za watu 11 aliowalinganisha naye. Gazeti lolote litakuuzia hadithi hiyo. Mimi ningekuwa mwangalifu, kwa sababu ubongo wa mtu mmoja hauthibitishi kitu, na wataalamu wengine waliikosoa kazi hiyo.

La mwisho ni usingizi. Mwaka wa 2012, Maiken Nedergaard na wenzake wa Rochester, Marekani, walieleza kwamba ile miguu ya seli za nyota iliyoshika mishipa ya damu, ile ile aliyoiona Golgi, ina vijitundu vya kupitishia maji. Maji ya ubongo yanapita hapo na kuchukua taka. Mwaka wa 2013 wakasema kazi hiyo huongezeka mnyama akiwa amelala. Haya yalionekana kwa panya, na hadi leo watafiti wengine wanayapinga baadhi yake, kwa hiyo nayapokea kwa mkono mmoja. Lakini kwamba mtoto anahitaji usingizi mwingi, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019: saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 4, na saa 12 hadi 16 kwa wa miezi 4 hadi 11, pamoja na ule usingizi wa mchana. Basi mtoto akilala mchana, usimwamshe ili mgeni amwone macho. Mgeni atakunywa chai kwanza. Wa pekee wa kuamshwa ni mtoto mchanga aliyepitisha muda wake wa kunyonya.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya utosi wa mtoto: unapobonyea, unapovimba, na yale majani ambayo watu hupaka pale juu. Kwaheri kwa sasa.